Kanda Iliyoimba Polepole

Kanda ile niliinunua Mikumi, kando ya barabara ya Zambia, kwa dereva wa lori. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa, nami nilikuwa nauza mitumba na kulala popote biashara iliponifikisha. Kwenye jalada kulikuwa na Wamarekani weusi wenye nywele kubwa, wamesimama mbele ya jengo lisilo na vioo. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Shule niliachia darasa la sita, Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea maboksi, lakini picha ile ilinisumbua.

Rudewa nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa mkata mkonge. Shamba la serikali lilipolala, mama aliendelea kulima mahindi katikati ya mistari ya mkonge mzee, kwa ruhusa ya mdomo ya msimamizi ambaye naye alishaondoka. Hakuwa na shamba lingine.

Redio yangu ilikula betri nne. Zikichoka tulizianika juu ya bati, zikapata uhai wa saa moja hivi. Kanda za dansi la nyumbani zikianza kuvuta, sauti ikawa nzito na ya polepole kwa betri kuchoka, tulicheka: "Huyo leo kalewa!" Hii ya Wamarekani hakuna aliyewahi kuisikia kwingine, kwa hiyo hatukujua kwamba nayo inavuta. Tuliamini ndivyo wanavyoimba. Besi ilijikokota kama mtu anayeburuta gunia, na mwimbaji alikuwa na sauti ya mzee aliyetoka kuzika.

Majirani walikuja kusikiliza wakiwa wameshika tama. Mfugaji mmoja aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Mwanza alisimama nje ya ua, ameegemea fimbo. "Hawa wamefiwa na nani?" akauliza.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyetutafsiria. "Afadhali anaimba polepole," alisema, "namdaka neno kwa neno." Wimbo wa tatu ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta watu wenye kamba wanapima ua wake. Hawakumtukana. Walimwomba tu asogee kidogo, kamba ipite.

Mama akaacha kupepeta mchele. "Rudia hapo."

Basi tukatangaziwa kwamba shamba limepata mnunuzi, kwamba tutamkaribisha uwanjani, na kwamba hakutakuwa na maswali. Mimi nikapewa kazi ya muziki. Mama akanijia. "Mwanangu, mimi hawatanipa nafasi ya kusema. Weka ule wa tatu. Yule mnunuzi anajua Kiingereza, atasikia."

Siku hiyo walileta jenereta na spika mbili, redio yangu ikaunganishwa nazo. Nikabonyeza. Sauti iliyotoka sikuijua. Ngoma zilikimbia, tarumbeta zikarukaruka, na yule mzee wetu akawa kijana anayeimba kama yuko njiani kwenda harusini. Nikaitoa kanda, nikaitazama, nikairudisha. Ilikuwa ileile. Mnunuzi akavua koti, akacheza. Wageni wakacheza. Kisha majirani zetu, walewale walioshika tama, nao wakaingia uwanjani.

"Sidaki hata neno," mwalimu akaninong'oneza.

Wimbo ulipokwisha mnunuzi alikuja upande wetu, jasho linamtoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona hukucheza?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Huu si wa kusikiliza, mama. Huu ni wa miguu!" Akacheka, akamshika bega kwa upole, akamsogeza hatua moja pembeni, akapita.

Tuliporudi nyumbani mama alizishusha betri kutoka kwenye bati. "Nirudishie yule mzee wangu," akasema. Nikamrudishia. Alikuwa palepale, anakokota maneno yake, na mama alikaa naye mpaka betri zikaisha kabisa.

Wiki iliyofuata, asubuhi, wanaume watatu waliingia kwenye mahindi na kamba. Walitusalimu vizuri. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wageni siku ile uwanjani, na alipokuwa akikunjua kamba alipiga mluzi wimbo wa tatu, kwa mwendo wa jenereta.