Mikono Mirefu ya Mjomba

Juzi kwenye televisheni niliona Wamarekani wakimpima viganja kijana anayetaka kuwa mrushaji katika ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Nikakumbuka chumba kimoja cha Guangzhou, juu ya maduka ya viatu ya Zhanxi, kilichonuka gundi na ngozi mpya.

Mjomba wangu, golikipa, alisimama ukutani. Wakala aliyemleta China kumtafutia timu alimpima urefu, mabega, hata vidole, kwa futi ya fundi cherehani. Mkalimani akamgeukia mama: "Bosi anasema kaka yako ana mikono mirefu sana. Subirini." Wakatoka na pasipoti zetu, wakatufungia kwa nje.

Nyumbani, mwenye mkono mrefu ni mwizi. Dirisha lilikuwa na nondo, feni ilizungusha joto lilelile, na chini mikokoteni ilipita ikigongana. Kwa akili zangu za kitoto nikamnong'oneza, "Mjomba, rudisha ulichochukua, watufungulie."

Alivitazama viganja vyake, akanijibu:

"Mwanangu, tangu nije hapa sijagusa hata mpira."

Nikadhani anakana. Kumbe alikuwa anamshtaki wakala.