Siku Niliyomsomea Mwalimu Nalima Wasifu wa Mzungu

Nijicheke kwanza mwenyewe kabla hamjanicheka, maana hadi leo nikienda Mbekenyera nazunguka nyuma ya mikorosho ili nisipite karibu na kanisa.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kidato cha tano Nachingwea, na mwalimu wetu alinipa insha juu ya mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, aliyepata uprofesa angali kijana, akaandika vitabu vinene juu ya wema, mwishowe akaacha kazi kwa sababu chuo kilimtaka atie saini kwamba anaamini asiyoyaamini tena. Nilimpenda yule mzee kupita kiasi (nilianza hadi kutembea nimefunga mikono nyuma, si mnanijua). Nikarudi likizo kijijini kwetu Mbekenyera na insha yangu kwenye begi, nikakuta Mwalimu Nalima amefariki, yule aliyetufundisha kusoma karibu kijiji kizima, na wazee wakasema wasifu wa marehemu asome msomi. Msomi ndiye mimi.

Kilichotakiwa ni kwenda kwa mjane wake, Mama Paulina, nimuulize. Nikaona haya kumsumbua mfiwa, nikaitafsiri insha, penye jina la Mzungu nikaweka Nalima, penye chuo kikuu nikaweka shule ya msingi, na kengele ya kanisa ikalia ukurasa wa mwisho sijaukagua.

Kanisa lilijaa hadi nje, wengine wametoka Ruangwa mjini, nami nikaanza kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Marehemu alipenda kutembea peke yake akitafakari." Watu wakatazamana (Mwalimu hakuwa anakwenda hata kisimani bila mtu wa kupiga naye soga). Ningeishia hapo ningepona, lakini nilishanogewa, mdomo ukawa unakwenda wenyewe: "Hakuoa wala hakuacha mtoto, na alijiuzulu kwa kuwa dhamiri haikumruhusu tena kuyakiri mafundisho ya kanisa."

Paulina, binti mkubwa wa marehemu, na wadogo zake watano wamekaa mstari wa mbele wananitazama.

"Kwani leo tunamzika nani?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

Katekista akanyoosha mkono achukue karatasi, lakini Mama Paulina akasimama. "Mwacheni. Mwanangu, huyo wa kwenye karatasi sisi hatumjui. Wa kwangu alikuja hapa na baiskeli na boksi la chaki, akafundishia kwenye ghala la korosho mpaka shule ikajengwa. Na wewe ulikuwa unalia unamtaka mama yako, anakubeba kwa mkono mmoja, kwa mwingine anaandika ubaoni. Hilo umelisahau?"

Sikuwa nimelisahau. Nilikuwa nalo kichwani siku zote, harufu ya chaki kwenye shati lake na yote, ila sikudhani ni jambo la kusomwa mbele za watu. Nililia pale kuliko wafiwa, jamani, na karatasi nikaichana.

Nimeombwa kusoma wasifu mara nyingi tangu hapo. Sikubali mpaka nikae kwanza jikoni na mjane, bila kalamu, nimuulize mumewe alikuwa anamchekesha vipi.