Pipa la Bibi, Pipa la Bibi Mdogo

Juzi mpwa wangu anayekaa Chaani alinijia na swali ambalo sikulitarajia kwa kijana wa ofisini. Anataka kununua pipa la kubanikia samaki, la bei nafuu, kisha alirekebishe mwenyewe mpaka liwe zuri. Jirani yake analo moja la kutoka ng'ambo, lina magurudumu na kipimo cha joto, na moshi wake hupanda juu ya ukuta kila Jumapili. Kijana halali vizuri. "Shangazi, nianzie wapi?"

Nilimwambia akae, nikamtilia chai. Kabla sijamjibu nilijikuta Likoni, nimechuchumaa nyuma ya ua wa makuti, jicho moja kwenye tundu, na nyuma yangu sauti inaniuliza kwa kunong'ona, "Afanyani saa hii?"

Sauti hiyo ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Miaka hiyo ni ile ya mwisho mwisho kabla ya Uhuru, wanaume wakikaa barazani kubishana bendera gani itapandishwa pwani na ipi itashushwa. Uani kwetu ubishi ulikuwa mwingine.

Bibi alikuwa akibanika samaki kama alivyofundishwa na mama yake, juu ya uchaga wa vijiti uliokaa juu ya mafiga. Samaki alitoka mweusi, mkavu, mwenye harufu ya jiko zima, na ukimtia katika tui la nazi alilainika akawa mtamu ajabu. Babu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuwa hali wali bila kipande chake. Mimi nilikuwa mlinzi wa moto. Babu akiniita "mke wangu", kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na bibi akiniita "mke mwenzangu", akinilalamikia kwamba nimemnyang'anya mume. Tulicheka kwa utani huo kila siku, mpaka babu alipooa mke wa pili kweli. Tangu siku hiyo bibi hakuniita tena hivyo.

Bibi mdogo alitoka Kisauni. Vitu vyake vilivuka kwa feri juu ya mkokoteni: kitanda cha besera, sanduku la nguo, na nyuma kabisa, limefungwa kwa kamba ya usumba, pipa la chuma lililoliwa na kutu. Bibi alisimama mlangoni akalitazama likipita. "Ameposwa na jaa," alisema, akaingia ndani. Babu alimjengea mke mpya chumba na jiko upande wa pili wa uani, na bibi akasisitiza uwekwe ua wa makuti katikati. Ukawekwa.

Zamu zilikuwa zamu. Siku za babu kuwa kwetu alikula cha kwetu, na chakula cha upande wa pili hakikuvuka ua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi jioni moja babu alipokuja na kipande cha nguru kwenye jani la mgomba, akakiweka pembeni ya sahani aliyoandaliwa. Kilikuwa na rangi ya asali iliyokomaa, ngozi inang'aa, nyama bado na maji yake. Alikila chote kwanza, ndipo akagusa samaki wa bibi.

Nilimtazama bibi usoni. Sijapata kuona tena mtu akitabasamu vile.

Kesho yake nilitumwa kwenye tundu la ua kwa mara ya kwanza. Niliripoti kila nilichoona: pipa limesimama wima, chini lina mlango mdogo uliokatwa, moto wa makumbi ya nazi unawaka polepole bila miali, samaki wamelazwa juu kwenye nondo, na kifuniko kimefunikwa gunia lililoloa maji. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa buibui, akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda Changamwe, ambako kulikuwa na watu wakiuza mapipa yaliyokwisha kazi. Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu asikilize vizuri, maana makosa ya mwanzo yote yalifanywa siku ile. Bibi alitaka pipa moja tu: jipya kuliko la mwenzake. Alipita mapipa mazuri, mazito, yaliyobeba mafuta ya nazi, kwa sababu yalikuwa na kutu. Kutu ya nje si ugonjwa. Ugonjwa ni kutu iliyotoboa mshono wa chini, na harufu ya ndani. Pipa huulizwa lilibeba nini, likagongwa usikie uzito wa chuma, likafunikwa juani kwa muda, kisha ukaingiza kichwa na kuvuta pumzi. Bibi hakuuliza, hakugonga, hakunusa. Alilichagua la rangi ya buluu lililong'aa kama limetoka dukani asubuhi ile. Lilikuwa limebeba mafuta ya taa.

Tulipolifungua uani, mbu wote wa Likoni walihama. Bibi hakukubali. Alilisugua kwa majivu, akalisugua kwa ndimu, akaliosha kwa maji ya moto. Harufu ikabaki. Basi akafanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu peke yake angelifikiria: akalifukiza. Kama vile mtungi wa maji unavyofukizwa ubani ili maji yanukie, kama vile nguo zinavyotandikwa juu ya chetezo, bibi aliweka chetezo ndani ya pipa, akatia ubani na udi wake wa sikukuu, akafunika. Alirudia mpaka kijaluba cha udi kikawa kitupu. Kisha akabanika.

Babu alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu. Akakigeuza, akakinusa.

"Bi mkubwa," akasema, "kwa ubani wote huu, samaki huyu mmemwozesha au mmemzika?"

Upande wa pili wa ua kulisikika kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Bibi alikijua, nami nilikijua.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, lakini harusi ya khalati yangu, binti wa mwisho wa bibi, ilikuwa imekaribia. Watu wa upande wa bwana arusi walikuwa waje kula Ijumaa, na sinia la wali bila samaki wa kubanika lingesemwa mji mzima. Babu, ambaye hakuwa na hila, alisema bibi mdogo abanike yeye. Aliposema hivyo bibi alikuwa akipepeta mchele. Ungo haukusimama, lakini mchele ulianza kumwagika chini, nami nikawa nauokota punje kwa punje nisimtazame. Mama wa bibi arusi, mtoto wa tumbo lake anaozwa, na wageni wakitoka waseme mkono wa mke mdogo ni mtamu. Afadhali asingezaa. Hakulisema hilo kwa sauti, lakini usiku alilala chini kwenye mkeka wangu, kitandani hakupanda.

Asubuhi yake tulisikia hodi. Bibi mdogo alikuwa hajavuka ua ule tangu uwekwe. Bibi hakuitika, kwa hivyo niliitika mimi, nikamwamkia shikamoo. Aliingia akaliendea pipa moja kwa moja, akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, hili halikogeshwi. Hili huchomwa."

"Nani amekuuliza?"

"Hapana aliyeuliza. Lakini wageni wakila samaki anayenuka karabai, hawatasema pipa lilikuwa la nani. Watasema nyumba hii. Na mimi nakaa nyumba hii." Akaligonga pipa kwa kidole. "Nikikuacha uharibikiwe nitacheka siku moja, wallahi nitacheka sana. Kisha nitaaibika nawe mwaka mzima."

Bibi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akasema samaki wa harusi watabanikwa katika pipa hili, upande huu, kwa mkono wake, na mtu mwingine asiguse hata kijiti. Bibi mdogo akasema ni sawa. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, na kwa muda wote uliofuata hakuinua mkono. Alisema tu.

Haya ndiyo aliyosema, na mpaka leo sijaona mtu aliyeyapita. Jaza pipa makumbi na makuti makavu, washa, acha liungue mpaka rangi ibanduke ndani na nje na chuma kiwe kijivu. Likipoa, lichome tena. Ukinusa na kupata chuma tu, basi. Lipake mafuta ya nazi ndani, liwashe moto mdogo lijitengenezee ngozi nyeusi, ambayo ndiyo kinga yake. Kifuniko kisichobana, kizibe kwa udongo uliokandwa na majivu. Toboa matundu machache chini ya kuvutia hewa na tundu moja juu la kutoa moshi, kwa sababu moshi usiotoka hugeuka uchungu. Vifuu ni vya joto, makumbi ni ya moshi, gogo la mkorosho ni la harufu, na mbao ya rangi usiitie kabisa. Samaki mtie chumvi, mwoshe, kisha mwache kivulini mpaka ngozi ikauke, kwani moshi haushiki kwenye maji.

Bibi alifanya yote kama alivyoambiwa. Lakini alipofika kwenye samaki alisita. Aliona mafuta ya nguru yakidondokea moto, na moto ukiruka. Akaenda jikoni akarudi na bati kuukuu, akalijaza mchanga kama alivyokuwa akifanya akikaanga njugu, akalitia katikati, baina ya moto na samaki. Bibi mdogo akanyoosha shingo.

"Wafanyani?"

"Nimekuuliza mimi wewe?" alisema bibi.

Ijumaa wageni walikula hadi sinia likaonyesha maua yake ya chini. Babu alitia kipande kinywani, akafumba macho. "Huyu," akasema mbele ya watu, "hana shaka, ni mkono wa bibi mdogo."

Mikono ilisimama kwenye masinia. Khalati yangu hakuwapo, alikuwa chumbani anapakwa hina, lakini mama yake alikuwapo, amesimama na birika la maji ya kunawa. Bibi mdogo alikuwa nyuma yake na kitambaa. Kunyamaza tu kungemtosha kuichukua sifa ile.

"Ulimi wako umezeeka, bwana," alisema. "Wangu haujafika hapo. Huyu ni wa bi mkubwa."

Wageni wakacheka, mikono ikarudi kwenye wali. Bibi akaendelea kumiminia watu maji. Hakumshukuru, siku hiyo wala nyingine. Lakini jioni, wageni walipokwisha ondoka, nilikwenda kwenye tundu langu la ua kwa mazoea tu. Nilimwona bibi mdogo amepiga magoti mbele ya pipa lake, ametoa nondo zote, anapima bati kwa shubiri. Uso wake niliutambua. Ulikuwa ule wa bibi siku ya jani la mgomba.

Kuanzia hapo pipa halikupumzika upande wowote. Bibi mdogo alitia bati la mchanga. Bibi akaacha kulaza samaki, akawatundika kwa ukindu. Bibi mdogo akaunga mikebe ya maziwa ikawa dohani yenye kifuniko cha kupunguza moshi. Bibi akajenga kikalio cha mawe, pipa lisimame juu na majivu yatoke kwa nyuma. Siku moja nilipoweka jicho kwenye tundu nilikuta jicho jingine limekwisha wekwa upande wa pili. Tulitazamana, mimi na bibi mdogo, kwa muda ambao hakuna aliyependa kuondoka kwanza.

Uhuru ulipokuja, watu walikuwa wakitoka Mtongwe kwa miguu kuja kwetu kuulizia samaki, na swali lao la kwanza lilikuwa leo pipa gani linawaka. Ukijibu vibaya, ulikuwa umemkosea mtu.

Mimi baadaye nilisoma peke yangu, vitabu vya kuazima na vya kuokota, nikajua kwa nini mchanga hutuliza joto na kwa nini chuma kilichopakwa zinki hakifai kwenye moto. Sikupata humo kitu cha kuwasahihisha wale wawili. Babu alikufa, na ua ukabaki. Kisha bibi mdogo akafa. Baada ya arobaini bibi aliwasha pipa lake, akatundika samaki changu wawili, akakaa. Nilikuwa nimekwenda kumtazama, mtu mzima mwenye watoto. Makuti ya ua yalikuwa yameoza, hapakuhitajika tundu, na ng'ambo pale pipa lenye dohani ya mikebe lilikuwa limeota majani. Bibi alilitazama. Akaniita, "Mke mwenzangu," jina ambalo sikulisikia kwake tangu utotoni, akaniambia nizime moto. Hakuwasha tena.

Leo pale pana nyumba za kupanga, kuta za mawe, na samaki hununuliwa wamegandishwa.

Mpwa wangu aliandika kila kitu kwenye simu yake. Asubuhi yake nilikwenda naye kuchagua pipa: zito, lina kutu, lilibeba mafuta ya kupikia. Alilinusa kama nilivyomfundisha. Njia nzima ya kurudi alikuwa akinieleza jirani yake ana hiki, ana kile, kile nacho atakipataje.

Mimi ninalo pipa nyumbani, lina mchanga, lina dohani, na samaki wake hana kasoro. Huliwasha mara moja moja. Ukuta wangu ni mrefu, na upande wa pili ni kiwanja kitupu. Nilimsikiliza kijana akimlaani jirani yake mpaka tukafika, nikamwonea wivu kwa kuwa na mtu wa kushindana naye.