Poda Vidoleni

Nikisikia harufu ya poda ya mtoto, naiona baraza yetu ya Gongo la Mboto. Mama alijipaka poda vidoleni ili uzi usinate kwa jasho, akimfumia mtoto aliyekuwa tumboni sweta la njano lenye vinundu kama punje za mahindi.

"Mama, na joto lote hili, mtoto atasikia baridi gani?"

"Wachanga wanasikia baridi, mwanangu. Shika uzi."

Mama alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Bibi akamwambia, "Fumua tu, mwanangu. Usikae nalo."

Akafumua, mie nikiviringisha uzi, vinundu vikiachia kimoja kimoja.

Uzi ule ukawa vitambaa vya makochi. Wageni walivisifu. Mama hakuruhusu mtu avifue. Alivifua mwenyewe, kwa sabuni ya mtoto.