Nilivyompikia Tantine Damu

Harufu ya ngai-ngai nyekundu ikichemka hunikumbusha hadi leo upumbavu wangu mkubwa kuliko wote, nami ninao mwingi wa kuchagua. Nilikuwa na miaka tisa, vita vya Ituri vimetufungia ndani ya ua wetu mjini Bunia, nikajiteua mwenyewe kuwa mpishi wa damu. Majani yale machachu yalitoa maji mekundu kama wino wa mwalimu; niliyachuja kwa kitambaa, nikaongeza kijiko cha nyanya ya kopo, nikampelekea shangazi yangu asubuhi na jioni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: damu ni nyekundu, basi kila chekundu ni damu inayongoja kunywewa. Mtaa mzima uliamini hivyo, lakini si mtaa uliomsimamia mgonjwa na kumwambia, "Maliza yote, Tantine, hata ile ya chini."

Tantine, dada yake baba, alikuwa ametufikia kutoka Fataki na furushi moja pamoja na ugonjwa wa viungo ulionizidi mimi umri. Vidole vyake vilipinda kama tangawizi. Kila siku alimeza vidonge vya maumivu, vya kwanza alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni. Msimu ule likaja jambo jipya: viganja vilififia vikawa na rangi ya unga wa muhogo, na kutoka mkekani hadi mlangoni alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Lingekuwa jambo la kumwonea huruma tu, kama si mafurushi yaliyofungwa tayari karibu na mlango wa kila nyumba. Siku yoyote tungekimbia. Baba, ambaye mgongo wake ulikuwa mbovu, alikuwa akimtazama dada yake, kisha anaitazama barabara. Tantine alisema kwa niaba yake: "Mutaniacha tu. Mimi nitalinda nyumba." Mimi nilikuwa mtoto wa ndani, niliyefurahi kimoyomoyo shule ilipofungwa, lakini hata mimi nilielewa. Asipopata damu, ataachwa.

Kwa kuwa hakuweza tena kufika chooni, kumwaga ndoo yake ilikuwa kazi yangu. Macho hayana pazia, nikachungulia. Choo chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake ilikuwa ya ajabu. Nikashangilia! Niliona ni uchafu wa ugonjwa unaotoka, dawa yangu inafanya kazi. Nikazidisha ngai-ngai.

Muuguzi aliyetembelea wagonjwa wa mtaa, ambaye tulimwita Docta kama tulivyomwita kila mwenye stetoskopu, alifika siku moja risasi ziliponyamaza. Alivuta chini kope la Tantine. Ndani palikuwa peupe kama tumbo la samaki. Akauliza, "Mama, choo iko namna gani?" Tantine, kiongozi wa kwaya, angejibuje swali kama hilo mbele ya mwanaume? Alitazama ukuta. "Iko muzuri, Docta."

"Hapana!" nikaropoka. "Iko nyeusi kama goudron! Na inanuka!"

Mama yangu alinifinya hadi nikaona nyota mchana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Docta alikuwa ameshanigeukia. "Tangu siku gani?" Nilimjibu kwa vidole, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Akaomba kuona dawa zote. Tantine akafungua fundo la kitenge chake, vidonge vikamwagika mkekani.

"Mama, hizi dawa zimechubua tumbo. Damu inavuja ndani, pole pole. Mutoto anajaza mutungi wenye kutoboka." Kisha kwangu: "Na weye, ngai-ngai iko kali. Unatia pilipili ku kidonda."

Badala ya kuona aibu, nikamuuliza: tundu likizibwa, mtungi utajaa? Nadhani swali lilimpendeza, maana aliketi. Akaeleza kwamba ugonjwa unaokaa mwilini miaka huugeuza mwili kuwa kama mtunza ghala bahili: chuma cha kutengenezea damu kimo ndani, lakini amekifungia kwa kufuli. Kwa hiyo kuila dawa ya chuma hakutoshi. Ni lazima ugonjwa wenyewe utulizwe, na hata hapo damu itapanda kidogo kidogo. Akavipiga marufuku vile vidonge, akaacha dawa ya tumbo, nyingine ya viungo, na vidonge vya chuma vya kumeza kwa maji, chai ikae mbali. Chakula kiwe maharagwe, mboga ya lengalenga, samaki. "Moyo wake ukipiga mbio hata amekaa, ni kumuongezea damu ku hopitali. Na njia ya kwenda kule, Nyankunde, imefungwa. Basi tusifike pale."

Hapo nikapata kazi mpya: kukagua makope. Kila asubuhi nilianza na Tantine, nikaendelea na baba, mama, wageni wasiojua wanatafutwa nini, na mbuzi. Mbuzi alitushinda wote. Wiki zikapita, weupe ukaingia uwaridi hafifu. Tantine alifika mlangoni bila kusimama, kisha kwenye mwavokado, kisha uani kwa jirani. Siku tulipokimbia kuelekea uwanja wa ndege, alikwenda na fimbo yake, akipumzika, akiendelea.

Leo kliniki wanamchoma Tantine kidole, mashine inasema namba ya damu, na kwa kitambo kifupi inajulikana kile alichokificha siku ile kwa kutazama ukuta. Ugonjwa haukuondoka, unachungwa kama ng'ombe mkorofi, na damu yake inapimwa kila baada ya miezi michache. Nami nimekuwa mtu mzima nisiyetoka nyumbani ila kwa kusukumwa, mwenye kusimulia habari hizi kila mgeni anapokuja, na kila nikisimulia ushujaa wangu unanenepa. Mwezi uliopita nilikuwa nimefika pale nilipomtembeza Tantine hadi uwanja wa ndege, aliposimama Mama Safi, muuza samaki aliyekimbia pamoja nasi na ambaye bado ni jirani yetu. Akaning'ong'a, akawaambia wageni wangu:

"Huyu anawadanganya. Tantine alitembea na miguu yake mwenyewe. Weye ndo nilibeba ku mugongo, mukubwa vile, unalia eti unataka kurudia ku nyumba."