Picha Mbili za Nikahi

Juzi, harusini katika mtaa wa Merrylands, mpiga picha aliwaambia maharusi wasogeleane, nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mtoto, baba, mwanajeshi, alikuwa amehamishiwa kambi ya ng'ambo, na mama alikuwa anaomba viza amfuate. Alasiri moja sebule ilinukia udi, kutoka kwenye kanga aliyofungia picha zao za nikahi. Wakala wa viza alizitazama, akaguna.

"Dada, hamna hata moja mko pamoja? Watasema ndoa si ya kweli."

"Yeye alikuwa msikitini na wanaume, mimi ndani na wanawake," mama akasema. "Alipoingia kunipa mkono, nani angepiga picha?"

Mimi nilidhani tatizo ni ile nafasi kati ya picha zao mezani. Nikaisogeza picha ya baba mpaka ikagusana na ya mama.

"Sasa wako pamoja," nikasema.

Mama alizikusanya picha nyingine zote, hizo mbili akaziacha zimegusana.