Koti la Mama Chupa

Banda la tembo yatima lilikuwa na kanuni moja: mtoto wa tembo asinyweshwe maziwa na mtu yule yule kila siku. Akimzoea mmoja, siku huyo akikosekana, atagoma kula.

Mama Chupa, mlezi mkongwe wa hifadhi ile, ndiye aliyewafundisha wenzake kanuni hiyo, akiwemo wifi yake, dada wa mumewe, ambaye Mama Chupa mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale. Ndiye pia aliyeivunja.

Wageni wakishatazama twiga na simba, walikuja kusimama kwenye uzio kuona tembo wadogo wakinywa. Mchana mmoja yule mdogo kuliko wote, Kibonge, alimpita Mama Chupa na chupa yake kama anayepita kisiki, akaenda kumzungushia wifi mkonga. Wageni wakacheka. Wifi, ambaye utani haukumwishia, akasema, "Usinune, wifi. Ulinichukulia kaka nikanyamaza. Mimi nimekuchukulia tembo tu."

Mama Chupa alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akampangia wifi kazi ya kuosha ndoo na kukata majani. Chupa za Kibonge alizishika mwenyewe, asubuhi hadi jioni. Mkuu wa banda, asiyejua kuwa kanuni imevunjwa, akamsifu kwa bidii. Haikuwa bidii, ulikuwa wivu uliovaa sare. Kibonge akawa hamtaki mwingine, na Mama Chupa akatembea kifua mbele.

Kisha homa ikamwangusha palepale bandani, akakimbizwa hospitali na koti la kazi mwilini. Baada ya siku mbili wifi akaja, macho mekundu, utani umemkauka. Kibonge hakuwa amegusa maziwa.

"Wifi, nipe lile koti nilivae. Akisikia harufu yako atakunywa."

Koti lilikuwa chini ya mto. Mama Chupa aliwaza Kibonge akimkumbatia wifi tena, wageni wakipiga makofi.

"Wauguzi wamelifua," akasema.

Kulipokucha roho ilimsuta, akampa dereva wa hifadhi koti alipeleke bandani. Kibonge, amelala ubavu, alilinusa, akalishika kwa mkonga. Nguvu za kunyonya hakuwa nazo.

Alikufa mchana huo. Mama Chupa bado analea tembo, na wifi bado ni wifi yake, ila hamtanii tena.